Siku Waliyozuia Kilio

Asubuhi niliyotoka Changamwe sikuwa na safari. Nilikuwa na viatu vya raba, shati moja la kubadili ndani ya mfuko wa nailoni, na hamu ya kujua yale malori yaliyotetemesha dirisha letu usiku na mchana yalikuwa yakienda wapi. Shule nilikuwa nimeiacha zamani. Kila nilipokaa darasani macho yangu yalitoka nje kabla yangu. Nikafuata barabara hadi Makupa, nikapita kisiwani bila kusimama, nikavuka daraja, na jua lilipofika utosini nikawa Kongowea nikiwatazama watu wawili wakisukuma mkokoteni wa sufuria. Sikuwa nimewahi kuona sufuria kama zile. Moja ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kulala ndani akajinyoosha. Nikauliza, "Za nani hizi?" Mmoja akajibu bila kugeuka, "Za maiti." Mwenzake akacheka, akasema, "Usimtie hofu mtoto wa watu. Za Ami Shee wa Mjambere. Shika hapo nyuma, sukuma, utamwona mwenyewe." Nikashika, nikasukuma. Mlima ulipokwisha nilikuwa nimeshawauliza maswali mengi hata yule wa kwanza akanitaka ninyamaze nitunze pumzi. Hivyo ndivyo nilivyoingia Mjambere, nikakaa mwaka mzima, mimi niliyekuwa situlii mahali.

Ami Shee alifariki mwezi uliopita. Habari zilinikuta Taveta, nilikokuwa nikipakia ndizi, nikafika siku ya hitima, mazishi yakiwa yamekwisha. Mimi si Mwislamu. Nilikaa nje pamoja na majirani, chini ya turubai lake mwenyewe, tukingoja ndani wamalize kusoma. Mzee mmoja akaanza kuisimulia ile hadithi ya harusi na msiba kama inavyosimuliwa Mjambere hadi leo: kwamba jirani alifiwa siku Ami alipomwoza binti yake, akazuia kilio ili asiharibu furaha ya mwenziwe, na Ami alipojua akaenda kulala matanga pale kama mtoto wa nyumba. Watu wakatikisa vichwa. "Wallahi watu kama hao hawako tena," akasema mmoja. Nikatazama kikombe changu cha kahawa hadi kikapoa. Hadithi yao ni ya kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, ila ina kipande kimoja kilichopungua, na kipande hicho nilikuwa nacho mimi. Nimetembea nacho Pwani yote, na bara pia, kama mtu aliyebeba mzigo ambao mwenyewe hajulikani aliko, na kumbe alijulikana.

Ami alikuwa mfupi, mnene wa shingo, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Kazi yake ilikuwa kukodisha vyombo vya shughuli: sufuria, masinia, mabirika, mikeka, majamvi, viti na maturubai. Yeyote aliyeoa, aliyeozwa, aliyesoma maulidi au aliyefiwa kuanzia Mjambere hadi Bamburi alikula chakula kilichopikwa ndani ya chombo chake. Kwa hiyo alijulikana na watu wengi mno, na ungetarajia mtu kama huyo awe wa barazani, wa kahawa na siasa. Sivyo. Kila adhuhuri alifunga ghala, wateja wawepo wasiwepo, akaenda nyumbani kula. Sisi wanaume tulikula ukumbini juu ya mkeka, yeye, mimi na mwanawe mdogo Mbwana. Mkewe na mabinti walikula uwani, nyuma ya pazia. Pazia lile halikuzuia kitu. Ami alichambua miiba ya samaki kwa ajili ya Mbwana, kisha akakwangua ukoko wa wali wa nazi, akauweka kwenye kisahani na kuupitisha chini ya pazia. "Wa Zuhura huo," akasema. Zuhura alikuwa binti yake wa kwanza, na alikuwa mkubwa wa kutosha kujikwangulia, lakini ukoko wake ulipita chini ya pazia kila siku niliyokuwa mle.

Siku ya kwanza nilikula kwa pupa hadi nikaona haya. Ami alikuwa akisukuma minofu kuelekea upande wangu wa sinia, kidogo kidogo, kama mtu asiyetaka kuonekana, nami nilikuwa nikiimaliza kabla haijafika. Nyuma ya pazia mkewe, Mama Zuhura, akauliza, "Baba Zuhura, huyo kijana wako wa Changamwe ana tumbo au ana ghala?" Mabinti wakacheka. Mimi mkono ukabaki hewani. Ami akasema, "Ana safari. Mwacheni apakie." Tangu siku hiyo jina langu likawa Changamwe, na hadi leo Mjambere hawajui jingine.

Nilikuwa nikilala ghalani, juu ya majamvi yaliyokunjwa, katikati ya sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine hadi darini. Lori likipita barabarani zilikuwa zikiitikiana, sauti nyembamba kutoka juu, nene kutoka chini. Kazi yangu ilikuwa kuzisugua kwa makumbi ya nazi na majivu zikirudi, kuzipakia zikitoka, na kusukuma mkokoteni. Nilipenda kazi ile kwa sababu ilinipeleka katika nyumba za watu. Niliona vyumba vya maharusi na vyumba vya wafiwa, nikasikia mashangazi wakigombana juu ya iliki, nikajua ni nani huchemsha nyama ikawa laini na nani huiacha ngumu.

Na nikajifunza sheria ya Ami. Aliyekuja kukodi vyombo vya harusi aliambiwa kabla ya chochote: "Kukitokea msiba karibu nawe, nitakuja kuchukua baadhi. Harusi yaweza kungoja, maiti hangoji." Vyombo vya msiba vilitoka bure, bila kuulizwa, Mkristo na Mwislamu. Watu walikubali kwa kucheka, kama mtu anavyokubali habari za mvua wakati wa jua. Lakini nilimwona akitimiza. Tulikwenda siku moja kwenye harusi ya tajiri mmoja, mchele ukiwa umeshaoshwa, tukatoa sufuria nne kubwa kutoka mekoni na kuzitia kwenye mkokoteni. Baba wa bwana harusi akatufuata hadi njiani, kanzu imejaa jasho. "Ami, wanivua nguo mbele ya wageni!"

"Nimekuachia tatu. Pikeni kwa zamu."

"Watu wangu watakula alasiri!"

"Watakula wakiwa na njaa, watasifu pilau yako."

Yule tajiri akanyoosha kidole. "Nawe una binti, Ami Shee. Iko siku yake. Tutaona kama utaenda kunyang'anya meko ya mwanao."

Ami akashika mkokoteni. Nikamtazama tukiwa tunasukuma, nikaona shingo yake imebadilika rangi. Maneno yale yalienea. Zuhura alipoposwa, miezi michache baadaye, hakuna mtu Mjambere aliyekuwa hajayasikia, na kila mtu aliyetupongeza alikuwa na tabasamu la kungoja.

Nyuma ya ghala, ukipita kichochoro kimoja, palikuwa na nyumba ya udongo ya jirani yetu Kahindi, ambaye wote tulimwita Babake Dama kwa jina la bintiye. Alikuwa Mgiriama, Mkristo, mchonga mawe kwenye timbo, mtu mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi hata Jumapili. Aliishi na mkewe, bintiye, na mama yake mzee tuliyemwita Hawe, yaani bibi, kama walivyomwita wao. Hawe Kadzo ndiye aliyembeba Zuhura mgongoni akiwa mchanga, Mama Zuhura alipougua miezi mingi baada ya kujifungua. Sasa Hawe mwenyewe alikuwa hawezi, amelala kitandani karibu na mlango, nao mlango waliuacha wazi kuanzia alfajiri ili apate hewa. Ami akitoka msikitini alisimama pale kila siku. "Hawe, umeamkaje?" Naye kutoka ndani, "Nimeamka, ndiyo bahati." Nilikuwa nikiwasikia kutoka ghalani kabla sijafungua macho. Wakati mwingine alimuuliza, "Kijana wangu anaolewa lini?" kwani ndivyo alivyomwita Zuhura, na Ami akamhesabia siku.

Wiki ya harusi Ami alikataa wateja wote. Vyombo vyote vilikuwa vya Zuhura. Niliosha masinia hadi vidole vikachubuka, nikaona furaha yangu kubwa kuliko nilivyostahili, kwa sababu mle ndani hapakuwa na ndugu yangu hata mmoja, na bado Mama Zuhura alinishonea kanzu. Jioni kabla ya siku yenyewe nilikuwa uwani nikipepeta mchele, nao wawili walikuwa jikoni, wakidhani nimeshatoka. Akasema Mama Zuhura, "Baba Zuhura, kesho usiniletee sheria zako."

"Sheria ni sheria."

"Akija mtu?"

"Akija mtu nitampa."

"Utampa sufuria za mwanao? Wakwe wamekaa kitako?"

Nikaacha kupepeta, maana ungo ulikuwa ukipiga kelele. Ami akasema kwa sauti ndogo zaidi ya ile yake ya siku zote, "Muombe Mungu asije mtu."

Sikuwahi kumsikia akiogopa kabla ya hapo.

Hakuja mtu. Moto uliwashwa kabla ya jua, wapishi wakatukana kwa mapenzi, pilau ikanukia hadi barabarani, na adhuhuri masinia yakaanza kutoka. Mimi katika kanzu yangu mpya nilikaa kula na watu watatu, mmoja wao Babake Dama. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nyusi zimeoshwa. Alikaa, akatia mkono, akaufinyanga wali ukawa tonge, akalishika tonge lile kama mtu aliyepewa kitu cha mwingine amshikie. Nikamtania. Nilikuwa na tumbo lililojaa na kanzu mpya, nikadhani siku kama ile kila mtu ni wa kutaniwa. "Babake Dama, leo wala kama bwana harusi aliyeketi mbele ya mkwewe!" Wenzetu wakacheka. Naye akacheka, nikayaona meno yake yote, akalitia tonge kinywani na kulitafuna muda mrefu sana. Kisha akaniuliza, "Bi harusi anaondoka saa ngapi?"

"Baada ya isha. Kwani wewe wataka kumchukua?"

Wakacheka tena. Yeye akasema, "Mungu awape watoto," akanawa mikono, akamwendea Ami, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na kuondoka. Ami alimtazama hadi akaingia kichochoroni. Hilo nililiona, lakini sikulijua maana yake.

Asubuhi ya pili tulikuwa tukinywa chai ukumbini, mahamri na mbaazi zilizobaki, Ami akimfanyia Mbwana mzaha kwamba sasa ukoko ni wake, kilio kikapasuka nyuma ya ghala. Nimesikia vilio vingi kazini mle; huanza na mtu mmoja kisha wengine hujiunga. Hiki kilianza wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, kama watu walioketi wamekishika na sasa wameruhusiwa kukiachia. Ami alisimama na hamri mkononi. Akatoka hivyo hivyo, bila viatu, nami nyuma yake.

Hawe Kadzo alikuwa amelazwa sakafuni juu ya majani ya mgomba na mchanga uliomwagiwa maji, amefunikwa leso mbili. Mtu yeyote mwenye pua alijua hakufa asubuhi ile. Mkewe Babake Dama na bintiye walikuwa wameinamiana pembeni, na midomo yao imevimba. Baadaye niliambiwa walikuwa wamezifunga leso mdomoni siku nzima, na kila mara vigelegele vya kwetu vilipopanda ndipo walipolia kidogo, ndani ya vigelegele vyetu, wasisikike. Ami akauliza, "Lini?"

Babake Dama akasema, "Jana, kabla ya alfajiri."

"Jana ulikula kwangu."

"Nilikula."

"Kahindi, ulikuja ukala kwangu na mamako amelala hapa?"

"Nisingekuja ungeuliza niko wapi."

Ami akakaa chini pale pale, kwenye mchanga ule wa maji. "Kwa nini hukuniambia? Mimi ni wa kufichwa msiba? Mimi?"

Babake Dama akamtazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo dogo. "Ungezitoa sufuria, Ami. Nilijua ungezitoa. Ndiyo sababu sikusema."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Swali lake la saa ngapi likanirudia, nikaelewa kwamba alikuwa akipima ni muda gani zaidi watu wake watauma leso, na mimi nikamjibu kwa mzaha. Nikatamani kuivua ile kanzu.

Ami alipeleka vyombo vyote, hata visivyohitajika. Akaenda mwenyewe kununua mchele, akatandika jamvi nje ya nyumba ile na kulala hapo na wanaume wengine siku zote za matanga. Hilo ndilo watu wanalolikumbuka. Zuhura alikuwa ndani ya fungate yake, siku zile saba za maharusi, na baba yake hakutia mguu kwake wala hakutuma salamu. Mama Zuhura alikwenda peke yake na chakula, akarudi na macho mekundu. Siku ya mwisho ya matanga, wazee wa ukoo wa Kahindi walisimama kumshukuru Ami mbele ya watu. Walisema jirani kama huyu ni ndugu. Ami akainuka. "Nina neno," akasema, "kuhusu asubuhi ile." Babake Dama akamshika kwenye kiwiko. "Keti, Ami. Msiba umekwisha." Watu wakadhani ni huzuni tu. Akaketi.

Neno lile alinipa mimi, siku ya pili yake, tukiwa tunasugua sufuria nyuma ya ghala, yeye na makumbi yake, mimi na yangu. Ilikuwa ni ajabu kwake kusugua. Alisema bila kuinua kichwa, "Asubuhi ya harusi nilitoka msikitini. Nikafika kwa Hawe. Mlango umefungwa. Changamwe, mlango ule umewahi kuuona umefungwa alfajiri?" Nikasema hapana. "Hapakuwa na moshi. Nikasimama. Nikainua mkono hivi nibishe." Akainua mkono wake uliojaa majivu. "Kisha nikasikia wapishi wangu wakiita niwaletee mafuta. Nikashusha mkono. Nikasema nitauliza kesho." Akaendelea kusugua mahali pale pale palipokwisha kung'aa. "Wao wanasema nisingejua. Kahindi anasema ningezitoa. Nilijua, na sikuzitoa. Nilimwona mwanangu tu mbele yangu. Na nikikuambia ningekuwa na siku ile tena ningefanya vingine, nitakuwa nakudanganya. Hilo ndilo linaloniua." Nikaendelea kusugua, mimi mwenye maswali. Akanitazama mara moja. "Nakuambia wewe kwa kuwa wewe ni mtu wa njia."

Nimegeuza sentensi ile kwa miaka. Wakati ule niliielewa hivi: nimekupa, sasa ondoka nayo. Baada ya hapo hatukuweza kutazamana. Ukumbini alikuwa bado akisukuma minofu upande wangu, nami nikawa nawaza kwamba ananilipa ninyamaze, kisha nikaona aibu kwa kuwaza hivyo juu ya mtu aliyenilisha tangu siku ya kwanza. Yeye naye nadhani kila alipoyaona macho yangu aliuona ule mlango. Nikaaga baada ya wiki chache. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Akasema, "Mungu akusitiri," akaingia ghalani kabla sijageuka.

Yote hayo yalinipita kichwani siku ya hitima, huku wengine wakimsifu. Chakula kilipokwisha kuliwa, mjukuu wake akaja kuniita. Zuhura ananitaka ukumbini. Nilimkuta ameketi kwenye kochi, mwanamke mzima, mwenye wajukuu, miwani imening'inia shingoni. "Changamwe," akasema, "bado hujapata pa kukaa?"

"Bado natafuta, Bi Zuhura."

"Keti basi hata kidogo." Akamtuma mjukuu sokoni kununua kitu kisichohitajika, tukabaki wawili. "Nataka nikuulize jambo, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa humu ndani, na mama hakuwahi kunijibu. Baba alikuwa akinipenda. Wewe ulimwona. Baada ya harusi yangu akawa mwingine. Alikuja kwangu, hakukosa Idi hata moja, alinisomeshea watoto, lakini alikaa kwenye ncha ya kiti kama mdai. Hakunitazama usoni hadi anakufa. Nilimkosea nini? Alijuta kuniozesha kwa karamu ile?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya mlango, ya moshi, ya mkono ulioinuliwa, na maneno yake kwamba hangefanya vingine. Nikasema, "Hakujuta juu yako. Alikuchagua wewe, kisha akashindwa kujisamehe." Nilidhani nimempa kitu kizuri. Zuhura alivua miwani yake shingoni, akaikunja na kuikunjua.

"Mimi nilisikia," akasema.

Sikumwelewa.

"Alfajiri ile. Nilikuwa nimelala na hina miguuni, nimefungwa vitambaa, siwezi kuinuka. Nilisikia Dama akilia 'Mayo!', yaani mama kwa Kigiriama, mara moja, kisha ikakatika, kama aliyezibwa mdomo. Sauti ya Dama naijua, tumekua pamoja. Nikajua Hawe amekufa. Hawe aliyenibeba mimi." Akameza mate. "Nikasema, nikimwambia baba atazitoa sufuria, na wakwe watacheka, na yule tajiri atapita akitamba. Nikajifanya nimelala. Walipoanza vigelegele nikatabasamu. Baba alipokosa kuja fungateni nikasema, amejua. Amejua kwamba nilisikia nikanyamaza, ndiyo maana hawezi kunitazama. Na mimi nikashindwa kumtazama yeye. Nimekuuliza nijue kama aliwahi kukuambia."

Nje walikuwa wakikunja turubai. Baadaye akaniuliza, taratibu, bila ukali wowote, "Wewe umelijua hili la baba tangu lini?"

"Tangu mwaka ule."

"Na umepita Mombasa mara ngapi tangu hapo?"

Nimepita mara nyingi. Nimefanya kazi Likoni, nimelala Kisauni hiyo hiyo ya Mjambere, nimewahi kumwona Ami kwa mbali akisimamia mkokoteni, nikapinda njia. Nilijiambia ninamsitiri. Ukweli ni kwamba niliona haya kuyatazama macho yake, na nikaipa haya yangu jina zuri. Neno moja kwa binti yule, wakati wowote katika miaka yote hiyo, lingewafanya baba na mtoto wakae wakalia pamoja. Zuhura alisogeza sahani ya tende upande wangu, akasema, "Haya, kula," nami nikatambua mkono ule wa baba yake, nikashindwa kula.

Akaniambia nilale ghalani, majamvi bado yapo. Nikamshukuru, nikatoka, nikatembea. Sikuwa na mpango. Nilivuka kisiwa, nikapanda feri na watu waliotoka kazini, nikafika Likoni, nikaenda mbele mpaka Mtongwe ambako simjui mtu. Mama mmoja muuza viazi akanielekeza kwenye nyumba ya vyumba sita, mlango kwa mlango. Mwenye nyumba, mwanamke mwembamba mwenye ufunguo shingoni, akanitazama miguu. "Wataka siku ngapi?"

"Mwezi," nikasema, nikashangaa mwenyewe.

"Chumba ni hiki. Choo kule. Kelele sitaki."

Nikaweka mfuko wangu juu ya kitanda. Jua lilikuwa bado halijazama, milango yote ya ua ilikuwa wazi, watu wakipika, isipokuwa mmoja, uliopakana na wangu. Ulifungwa. Nikamwuliza mwenye nyumba kuna nani mle. "Mtu na mkewe. Watu wazuri, hawana neno." Nikarudi chumbani, nikakaa, nikasimama. Nikatoka na kubisha hodi. Nikabisha tena, mwenye nyumba akinikodolea macho kutoka jikoni kwake. Mlango ukafunguka kidogo, akatokeza kijana kifua wazi, usingizi umemjaa.

"Karibu. Vipi mzee?"

"Hamjambo humu? Nimeona mlango umefungwa."

"Hatujambo. Mimi nafanya zamu ya usiku." Akanipima juu hadi chini. Kutoka ndani sauti ya mwanamke ikauliza, "Nani huyo?"

"Mgeni wa chumba cha pili."

"Anataka nini?"

Kijana akanigeukia aniulize. Nikasema sitaki kitu, nimekuja kuuliza hali tu, anisamehe kwa kumwamsha. Akacheka, akaufungua mlango zaidi, akasema kwa vile ameshaamka basi niingie ninywe chai.